Unauliza Wati Ngapi. Uliza Pia Matundu Mangapi

Simama juu ya mojawapo ya madaraja ya miguu ya Outering Road saa sita mchana, uangalie mapaa ya Umoja. Zamani ulikuwa unaona matangi ya maji, dishi za TV na nguo zilizoanikwa. Siku hizi kuna kitu kingine kinakumulika machoni: paneli za sola. Ziko kwa kinyozi, kwa saiba, kwa kanisa la mabati, kwa nyumba ya mzee aliyestaafu, na juu ya ploti za ghorofa ambapo landilodi amechoka kusikia wapangaji wakilia ngazi ni giza.

Mimi napenda sola. Nasema mapema kabla mtu hajaniita mpinga maendeleo. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi JKIA ikakaa gizani. Novemba ikapotea tena. Desemba tena. Mtu akikuambia baada ya hapo kwamba amechoka kununua tokeni na bado anakaa giza, utamjibu nini?

Lakini msee akiweka sola mtaani, maswali huwa ni yale yale. Ni wati ngapi? Betri ni lithiamu? Inabeba friji? Pasi je? Sijawahi kusikia mtu akiuliza: paa limetobolewa mara ngapi, kila tundu limezibwa na nini, na ni nani atapanda kuliangalia mwaka ujao?

Maoni yangu ni haya: sola ni kazi ya paa kwanza, kazi ya stima baadaye. Tukiendelea kuichukua kama TV mpya, unaleta, unachomeka, unawasha, tutakuwa na mitaa inayong'aa usiku na dari zinazooza mchana.

Vipaneli vilikua, mabati yakabaki yale yale

Zile sola za kulipa pole pole kwa M-Pesa, kama za M-KOPA iliyoanza kuuza 2012, zilikuja na kipaneli cha chini ya wati 10. Unakibeba kwa mkono mmoja. Unakifunga na skrubu kadhaa, taa tatu zinawaka, simu inachaji, maisha yanaendelea. Paa halikujua hata kama kuna mgeni.

Paneli ya leo ya wati 550 ni mnyama mwingine. Ina urefu wa zaidi ya mita 2, upana wa zaidi ya mita 1, na uzito wa kilo 27 hivi. Ukiweka sita ni zaidi ya kilo 160, na bado hujahesabu reli zinazozishika. Ni kama umewaambia watu wazima wawili wakae juu ya paa lako na wasishuke kwa miaka 20. Tena upepo ukija, watu hao hugeuka kuwa tanga. Upepo unaingia chini ya paneli na kuivuta juu, na mvutano wote unaishia kwa vile viskrubu vilivyopita kwa bati.

Sasa fikiria mabati ya kwetu Eastlands. Mengi ni ya geji 30 au 32, na kwa mabati namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Mengine yako juu tangu mzazi wako akiwa shule. Paneli kwa kawaida huuzwa kwa ahadi ya kufanya kazi miaka 25. Swali la kwanza kabla ya kununua chochote lingekuwa: hili bati lina miaka mingapi mbele yake? Kama limebakisha mitano, baada ya miaka mitano utalipa fundi ashushe paneli, abadilishe bati, halafu azirudishe. Hiyo gharama haiko kwa risiti yoyote utakayoonyeshwa dukani.

Yaliyotupata nyumbani

Kwetu Umoja paneli nne zilifungwa Januari 2024. Fundi alikuwa mtu safi wa waya. Kila waya kwa paipu yake, inveta ukutani imenyooka, hadi majirani wakaja kuangalia. Mathe alimuuliza swali moja tu la paa.

"Fundi, na mvua?"

"Usijali mathe, nimeziba na silikoni kila mahali."

Aprili ikafika. Wote tunakumbuka mvua ya Aprili na Mei 2024, vile Mto Mathare ulifurika na watu wakapoteza nyumba na wapendwa. Sisi tulikuwa na bahati, kwetu lilikuwa tone tu. Lilianguka kwa korido, mlangoni pa chumba cha ndugu yangu mdogo, karibu mita mbili kutoka mahali paneli ziko. Mathe akadhani ni paipu ya tangi. Fundi wa mabomba akaitwa, akabadilisha kiungo, akalipwa, akaenda. Mvua iliyofuata, tone likarudi.

Wakati huo huo inveta ilikuwa imeanza tabia. Asubuhi baada ya mvua inalia na kuonyesha taa nyekundu. Ikifika saa tano, saa sita, jua limeshika, inatulia na kufanya kazi kama hakuna kitu kilitokea. Kila mtu aliyeiona alisema neno moja: feki.

Anko, kakake mathe, amefunga mabati tangu kabla nizaliwe. Alikuja Jumapili na hakuomba ngazi. Aliomba kiti na tochi. Akasukuma kile kifuniko cha dari, akaingiza kichwa na mabega, akakaa huko kama dakika kumi bila kusema kitu. Halafu akaniita nipande niangalie.

"Maji hayana haraka, kijana," akaniambia. "Yanaingia pale, yanatembea na mbao, yanashukia hapa."

Kweli, ukifuata ule mstari mweusi kwa mbao uliona safari yote. Juu kabisa, chini ya reli ya paneli, kulikuwa na skrubu tatu zilizopigwa kwa bonde la bati, pale maji yote ya mvua hupita. Mbili kati yake hazikushika mbao. Ncha zilikuwa zinaning'inia hewani, unaziona ziking'aa kwa tochi. Na waya wa kutoka kwa paneli ulikuwa umepita hapo hapo, kiungo cha paipu yake kikiwa chini ya njia ya maji. Hapo ndipo hadithi ya inveta ikaeleweka. Haikuwa feki. Ilikuwa inasema kitu: unyevu umefika kwa waya, stima inavuja kuelekea mahali haifai. Ikikauka, inanyamaza. Ikilowa, inalia tena.

Fundi wa sola tulimpigia, simu ikaita hadi ikachoka. Anko akafanya kazi upya kwa siku moja. Lakini kile kilichonishika si ule uvujaji. Ni kwamba kwa miezi mitatu ndugu yangu alikuwa akipita chini ya maji yanayotoka mahali pamoja na stima, na watu wazima wote nyumbani walikuwa wanabishana kuhusu paipu.

Kwa nini paa huvuja pale pale

Baada ya hapo nilianza kuuliza mafundi wa mabati, na majibu yao yanafanana. Shida si paneli. Shida ni mtu wa stima kufanya kazi ya paa bila kuijua.

Bati lina mgongo na bonde. Maji hupita kwa bonde, kwa hivyo skrubu hupigwa kwa mgongo. Fundi mwenye haraka hupenda bonde kwa sababu hapo bati limekaa juu ya mbao, skrubu inaingia rahisi na haitingishiki. Ni rahisi kwake, halafu wewe unaishi na karai sakafuni.

Skrubu lazima ishike mbao. Ikishika bati peke yake, upepo unaitikisa kila siku, tundu linapanuka kidogo kidogo, na siku moja unaweza kuingiza kidole.

Kisha kuna ile washa ya mpira chini ya kichwa cha skrubu. Hiyo ndiyo inazuia maji, si silikoni. Ikikazwa sana inapasuka, ikiachwa legevu haizibi. Na mpira wa bei rahisi ukikaa juani unakauka na kuwa kama ganda la njugu. Silikoni nayo si zote sawa. Ile inayonuka siki ina asidi, na inakula zinki iliyopakwa kwa bati. Unaziba tundu leo, unazaa kutu kesho. Kwa mabati omba ile isiyo na asidi, ya kukaa nje juani. Tyubu moja haifiki elfu moja.

Halafu umewahi kusikia mabati yakilia jioni, ta, ta, ta, jua likishuka? Yanajikunja baada ya kutanuka mchana kutwa. Kila siku yanavuta na kuachilia kila skrubu iliyo juu yake. Ndiyo maana tundu lililokuwa sawa mwaka wa kwanza linaweza kuvuja mwaka wa tatu bila mtu kuligusa.

Ongeza takataka. Reli ya paneli ikilala kukatiza mteremko, inashika majani, mifuko na vumbi. Njiwa wanapenda chini ya paneli kwa sababu ni kivuli, wanajenga, na kinyesi chao kinaziba mabonde. Maji yakikosa njia yanapanda juu hadi kwenye viungo vya mabati, yanaingia kando. Panya wakifika, wanatafuna waya. Hata vile vipande vidogo vya chuma vinavyobaki baada ya kutoboa, kama havikufagiliwa, hushika kutu na kuanza kula bati. Waya wa ethi wa shaba ukigusa bati lenye zinki mahali penye maji, bati ndilo linaloliwa.

Angalia kabla hujapanda

Nzuri ni kwamba nusu ya ukaguzi inafanyika ukiwa chini.

Anza ndani, mchana. Zima taa, fungua kifuniko cha dari, ingiza kichwa. Ukiona nukta za mwanga kama nyota, hayo ni matundu. Washa tochi ufuate mbao: mistari myeusi, ukungu, mbao laini ukiibonyeza kwa kidole, kutu kwa ncha za skrubu. Ukiona doa la rangi ya chai kwa dari, usitafute tundu moja kwa moja juu yake. Litafute upande wa juu wa mteremko. Usiguse waya wowote huko ndani, uwe mkavu ama umelowa.

Halafu nenda nje. Eastlands tumelalamika miaka mingi kwamba ghorofa za majirani zimetuzibia jua, sasa tuzitumie. Omba jirani wa ghorofa ya nne akuruhusu dakika mbili kwa balkoni yake, ubishe hodi vizuri, halafu upige picha paa lenu kwa simu na kuvuta karibu. Utaona kioo kilichopasuka, paneli iliyokaa upande, waya unaoning'inia na kugusa bati, majani yaliyorundikana, tai za plastiki zilizokatika kwa jua. Weka picha hizo kwa folda moja. Baada ya miezi sita piga tena, ulinganishe. Usikimbilie droni, hiyo inahitaji kibali cha KCAA, na jirani atadhani unamchungulia.

Ukiamua lazima mtu apande, awe mtu anayejua, na paa liwe kavu. Ngazi ikisimama futi 4 kwenda juu, mguu wake uwe futi 1 kutoka ukutani, na mtu wa kuishika awe hapo hapo, si ameenda kununua smokie. Angalia nyaya za stima zinazopita juu, maana mtaani kwetu zinapita karibu kuliko inavyofaa. Kanyaga kwa mstari wa misumari kwa sababu hapo chini kuna mbao. Usikanyage paneli hata kama fundi amekuambia inabeba. Kioo kinaweza kukaa kizima huku vile visahani vya ndani vimepata nyufa usizoziona.

Na jambo hili liingie kichwani: paneli haizimwi. Unaweza kuzima inveta, unaweza kuzima swichi kuu, lakini jua likiwaka, paneli inazalisha. Moja ya wati 550 ina karibu volti 50. Kumi zikiungwa kwa mstari ni karibu volti 500, na hiyo ni stima ya moja kwa moja, ikishika cheche haikatiki kirahisi. Paneli iliyopasuka bado inazalisha. Kwa hivyo kioo kikipasuka ama ukiona konekta imeungua, usimwage maji hapo na usijaribu kuifungua. Ita mwenye leseni.

Kama nyaya ni nzima na unataka kujua tundu ni lipi, usingoje mvua. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine juu na maji. Anza safu ya chini ya skrubu, mwaga pole pole, ngoja dakika kadhaa, ndipo upande safu inayofuata. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua lolote. Najua maji ya mfereji kwetu huja siku yakipenda. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanatosha.

Si kila paa ni mabati. Wale wa Buruburu wenye vigae, hatari yenu ni miguu. Kigae kinavunjika chini ya kiatu cha fundi, kinarudishwa kama hakuna kitu, na unajua Novemba. Hesabu vigae vilivyovunjika siku ya kazi, kabla watu hawajaondoka. Ploti zenye slabu juu, kila tundu linalotobolewa kwa zege linapitisha maji hadi kwa nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege, na vipande huanguka kwa mpangaji wa ghorofa ya mwisho. Huko ni heri fremu za kukaliwa na uzito wa mawe ya zege kuliko kutoboa, mradi mtu anayejua mahesabu aseme slabu itabeba. Na kama paa lenu ni la zile karatasi za zamani za asbestosi, usitoboe, usikate, usisugue. Vumbi lake linaharibu mapafu, na NEMA ina utaratibu wake wa kuliondoa.

Tundu ni la nani?

Hapa ndipo naona shida yetu kubwa, na si ya kiufundi. Mtaani paa ni la landilodi, paneli ni ya mpangaji, fundi ni wa rafiki ya mtu, na tundu halina mwenyewe. Maji yakianza, landilodi anasema aliyetoboa azibe. Mpangaji anasema paa lilikuwa bovu kabla. Keretaka anasema yeye hana habari. Anayelowa ni mama wa nyumba ya juu ambaye hata hiyo sola hajawahi kuitumia.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hayahitaji serikali mpya.

Moja, kabla ya fundi kupanda, andikeni. Hata ujumbe wa WhatsApp kwa landilodi wenye picha za dari na za paa kama zilivyo ni bora kuliko maneno ya ngazini. Ukihama, mtajua nani anadai nani.

Mbili, uliza leseni. Tangu kanuni za 2012, fundi wa sola Kenya anatakiwa awe na leseni, na sasa inatolewa na EPRA. Ziko za daraja T1, T2 na T3, na T3 ndiyo ya juu. Muulize ana gani na inamruhusu kazi ya ukubwa gani. Halafu muulize swali la pili: ni nani kwa kikosi chako anajua paa? Leseni ya stima haimfanyi mtu kuwa fundi wa mabati.

Tatu, bakisha pesa. Kabla paneli haijafunika reli, fundi apige picha kila skrubu. Akimaliza, mwage maji pamoja, yeye akiwa ndani na tochi. Kukiwa kukavu, mlipe yote na umpe chai. Kukiwa na tone, hajamaliza kazi. Kuna mafundi wataona hii ni dharau. Naelewa, wengi wao wamewahi kufanya kazi wakanyimwa malipo, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana nasema maji yamwagwe siku hiyo hiyo, si miezi mitatu baadaye. Fundi mzuri hapotezi chochote, anaenda nyumbani na pesa zake zote kabla jua kutua.

Baada ya hapo ni ukaguzi mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya zile fupi. Ni kiti, tochi, simu na jirani mwenye balkoni. Kama kwenu kuna sola na hujawahi kufungua hicho kifuniko cha dari, kifungue wikendi hii, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Ukiona giza tupu, funga, endelea na maisha yako. Ukiona nyota, mpigie simu fundi wa mabati kabla hujampigia wa stima.